Laurence Olivier, mwigizaji aliyeanzia puani

Kijana wa leo akisikia kwamba Laurence Olivier ndiye mwigizaji aliyesifiwa kuliko wote nchini Uingereza katika karne ya 20, kisha akaketi jioni moja kutazama filamu zake, huenda akainuka na mashaka. Atamwona mtu aliyebandika pua isiyo yake, mwenye sauti inayopaa ghafla mahali ambapo mtu wa kawaida angenong'ona, na mikono inayofanya kazi kubwa kuliko maneno yanavyohitaji. Atajiuliza kama wazee waliomsifu walikuwa wamelewa jina tu. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kuhesabu tuzo, maana tuzo anazo tele. Waliomwita mkubwa walikuwa wamekaa naye chumba kimoja wakimsikia akivuta pumzi, ilhali sisi tumebakiwa na picha. Na yeye mwenyewe alitumia nusu ya maisha yake akihangaika na pengo lililopo kati ya jukwaa na kamera, mara nyingine kwa ufundi wa hali ya juu, mara nyingine kwa makosa ambayo hadi leo yanauma.

Utoto wake unaeleza mengi. Alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 mjini Dorking, kusini mwa London, akiwa wa mwisho kati ya watoto watatu wa Gerard Olivier, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyependa ibada zenye ubani, mishumaa na mavazi mazito. Olivier alisimulia baadaye kwamba somo lake la kwanza la uigizaji alilipata kanisani kwa kumtazama baba yake akihubiri: wapi alishusha sauti, wapi alinguruma juu ya moto wa jehanamu, wapi alipenyeza kichekesho waumini wakiwa hawakitarajii. Nyumbani baba huyohuyo alikuwa mkali na mwenye mkono wa birika, na faraja ya mtoto ilikuwa mama yake, Agnes, aliyefariki mwaka 1920 mwanawe akiwa na miaka 12.

Kufikia msiba huo, mtoto alikuwa amekwisha kuonekana na watu wa fani. Mwaka 1917, katika shule ya wanakwaya ya All Saints iliyoko Margaret Street jijini London, wavulana waliigiza Julius Caesar, naye akapewa nafasi ya Brutus, yule muungwana anayemchoma kisu rafiki yake kwa ajili ya nchi, ambaye wasomaji wa Kiswahili walikuja kumfahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Ellen Terry, aliyekuwa malkia wa majukwaa ya Uingereza wa zama hizo, naye akaandika katika shajara yake kwamba mtoto aliyecheza Brutus tayari ni mwigizaji mkubwa. Baadaye, kaka yake alipoondoka kwenda India kufanya kazi katika mashamba ya mpira, Olivier alimuuliza baba lini naye atafuata. Baba akamjibu asiwe mjinga. Yeye haendi India, anakwenda jukwaani. Uamuzi huo ulitolewa na kasisi, mwaka 1924, juu ya kazi ambayo familia nyingi za heshima ziliiona kuwa ya wahuni.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya pua. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo cha maigizo cha Elsie Fogerty, mama huyo mwenye jicho kali aliweka ncha ya kidole kwenye paji la uso wa kijana, chini kidogo ya nywele, akakiteremsha taratibu hadi kwenye bonde lililo kati ya macho, akamwambia kwamba udhaifu wake uko hapo. Alimpa nafasi pamoja na ufadhili wa masomo, lakini maneno yale yalimganda. Olivier mwenyewe aliyahusisha na tabia yake ya maisha yote ya kujitengenezea pua kwa udongo laini wa waigizaji: pua ndefu, pua pana, pua iliyopinda, karibu kila mhusika na pua yake, kana kwamba asingeweza kutoka mbele za watu kabla ya kukijaza kile kibonde.

Tabia hii si kichekesho tu, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya uigizaji. Kuna waigizaji wanaoanza na moyo wa mhusika. Wanajiuliza alipendwa na nani utotoni na anaogopa nini, na wanaamini kwamba hisia ikishapatikana, mwili na sauti vitafuata vyenyewe; mkondo huo, wenye asili katika mafunzo ya Mrusi Stanislavsky, ulishika nguvu sana Marekani katikati ya karne iliyopita. Olivier alikwenda njia ya kinyume. Alianza na umbo la nje, yaani mwendo, lafudhi, viatu, namna ya kushika kikombe, na ile pua, kisha akasubiri mtu aingie ndani ya umbo hilo kama mpangaji anavyoingia nyumba iliyokwisha kujengwa. Aliwatazama watu mitaani na kuwaibia ishara zao. Njia hii ina hatari yake, kwani nyumba inaweza kukamilika na mpangaji asije, na katika baadhi ya kazi zake, hasa za uzeeni, hakuja.

Mgongano wa kwanza mkubwa ulitokea mwaka 1935 katika ukumbi wa New Theatre jijini London, pale John Gielgud, aliyemzidi umri kwa miaka mitatu na kuitwa tayari bingwa wa Shakespeare, alipomwalika wabadilishane nafasi za Romeo, kijana mpenzi, na Mercutio, rafiki yake, katika tamthilia ileile, Peggy Ashcroft akiwa Juliet. Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kukumbuka kwamba Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia zake kwa mashairi yasiyo na vina lakini yenye mizani, na kwamba Gielgud alikuwa na sauti iliyoweza kuuimba mstari bila kuuvunja. Olivier hakuimba. Romeo wake alikuwa barobaro wa Kiitalia mwenye damu moto, aliyezungumza mashairi kana kwamba yamemtoka sasa hivi kwa wazimu wa mapenzi. Wahakiki wa magazeti walimsulubu kwa kuharibu ushairi na kumsifu mwenzake. Mimi naona kwamba wote wawili walikuwa na haki, ila watu wa baadaye walimfuata Olivier: leo mwigizaji wa Kiingereza akiimba mistari ya Shakespeare kama Gielgud wa mwaka ule, watazamaji watamwona wa kale.

Wakati huo filamu ilikuwa kwake jambo la kutafutia fedha. Alikwenda Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1930 bila mafanikio makubwa. Mwaka 1933 aliitwa acheze na Greta Garbo katika Queen Christina, wakafanya mazoezi, yule bibi hakumtaka, akarudishwa. Aliyembadilisha ni William Wyler, mwongozaji wa Wuthering Heights ya mwaka 1939. Olivier aliingia kwenye seti na vishindo vya jukwaani, akipaza sauti kwa ajili ya watu wa viti vya nyuma ambao hawakuwapo, na alipokosolewa akajibu kwa kiburi kwamba chombo hiki dhaifu hakiwezi kubeba uigizaji mkubwa. Watu waliokuwapo wakaangua kicheko. Wyler alimrudisha tena na tena mbele ya kamera hadi akanyenyekea, na Olivier alikiri katika maisha yake yote kwamba ni mtu huyo aliyemfundisha kuiheshimu filamu. Wuthering Heights, kisha Rebecca ya Alfred Hitchcock mwaka 1940, vilimfanya nyota. Mwaka huohuo alimwoa Vivien Leigh, mwigizaji ambaye kwa umaarufu wa filamu wakati ule alimzidi, baada ya kila mmoja wao kuachana na mwenzi wake wa awali.

Vita vilipokuja aliingia katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini, ambako alikuwa rubani wa kuharibu ndege zaidi ya kuzirusha. Akaruhusiwa kutoka ili atengeneze filamu ya Henry V, tamthilia ya Shakespeare juu ya mfalme wa Kiingereza anayewashinda Wafaransa huko Agincourt, kwa ajili ya kuinua moyo wa taifa, na hapa ndipo ninapoona akili yake ya kiufundi kwa uwazi kuliko mahali pengine. Uingereza ilikuwa vitani, haina wanaume wala farasi wa kutosha, hivyo uwanja wa vita vya Agincourt ulitengenezwa nchini Ireland, ambayo haikuwa vitani, kwa kuajiri wakulima kwa mamia, na waliokuja na farasi wao waliongezewa ujira. Lakini tatizo gumu halikuwa farasi, lilikuwa mashairi. Mtu anawezaje kutoa hotuba ya Shakespeare mbele ya lenzi iliyo umbali wa hatua mbili bila kuonekana kichaa?

Olivier alikuwa ameitazama filamu ya Romeo and Juliet iliyotengenezwa Hollywood mwaka 1936, akagundua kasoro moja ambayo wengine waliichukulia kuwa kanuni: kila sauti ya mwigizaji ilipokaribia kilele, kamera nayo ilimsogelea usoni, kwa hiyo alilazimika kunywea palepale ambapo maneno yalimtaka apanuke. Yeye akaigeuza. Katika hotuba kuu ya mfalme kabla ya mapigano, kamera inaanza karibu, maneno yakiwa ya utulivu kama mazungumzo ya watu wawili. Kadiri sauti inavyopanda, kamera inarudi nyuma na kwenda juu, askari wanaanza kuonekana pande zote, na mwigizaji anapata uwanja wa kunyoosha mkono na kupaza sauti bila kumtemea mate mtazamaji. Ni jambo dogo ukishaelezwa. Kabla yake hakuna aliyelifanya hivyo kwa Shakespeare, na ndilo lililofanya filamu hiyo ya mwaka 1944 iwe ya kwanza ya Shakespeare ambayo umma mkubwa uliifurahia. Marekani ilimpa tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1947. Hamlet yake ya mwaka 1948 ilikwenda mbali zaidi, ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kimarekani kupata Oscar ya filamu bora, na mwenyewe akapata ya mwigizaji bora; mwaka mmoja kabla ya hapo mfalme alikuwa amemtunukia cheo cha Sir.

Hata hivyo, waliokuwapo London kati ya mwaka 1944 na 1946 walisema filamu hizo ni mwangwi tu wa kilichotokea jukwaani. Pamoja na rafiki yake Ralph Richardson na John Burrell, Olivier aliongoza kundi la Old Vic, ambalo jengo lake lilikuwa limepigwa bomu, likawa linacheza katika New Theatre. Richard III wake, mfalme muuaji mwenye kibiongo, alipewa pua iliyonakiliwa kutoka kwa Jed Harris, mtayarishaji wa Kimarekani ambaye Olivier aliwahi kufanya kazi chini yake na kumchukia kwa moyo wote. Gielgud, bila kinyongo, alimzawadia upanga uliowahi kuvaliwa katika nafasi hiyohiyo na Edmund Kean, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1945 akacheza Oedipus wa Wagiriki, na katika usiku uleule, baada ya mapumziko, akarudi na pua iliyobinuka kama Puff, mpuuzi wa vichekesho vya karne ya 18. Watu waliozungumzia usiku huo walirudi daima kwenye jambo moja, ukelele wa Oedipus anapogundua kwamba amemuua baba yake na kumwoa mama yake. Olivier alieleza alikoutoa. Alikuwa amesikia kwamba wawindaji wa nchi za barafu humwaga chumvi juu ya barafu ili kumnasa mnyama mdogo mwenye manyoya ya thamani. Mnyama analamba chumvi, ulimi unagandia, anabaki amenaswa kwa kinywa chake mwenyewe. Mwigizaji aliyekuwa akitoa sauti ile alikuwa akimfikiria mnyama huyo na wala si mfalme. Hapo njia ya nje-kuingia-ndani ilizaa kitu ambacho hakuna aliyekirekodi.

Mafanikio hayo hayakumlinda. Mwaka 1948, akiwa katika ziara ndefu ya Australia na New Zealand pamoja na Vivien Leigh na kundi lote, alipokea barua kutoka kwa mwenyekiti wa bodi ya Old Vic, Lord Esher, ikimjulisha kwamba mkataba wake na wa wenzake wawili hautaongezwa. Nyumbani nako mambo yalikuwa mazito. Vivien Leigh alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, katika zama ambazo tiba yake ilikuwa ya kubahatisha, na ndoa iliyopigwa picha na magazeti ya dunia nzima ikawa ya mateso kwa wote wawili hadi talaka ya mwaka 1960.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa hatarini kugeuka sanamu. Kizazi kipya cha waandishi kilikuwa kimeingia katika ukumbi mdogo wa Royal Court na tamthilia za watu wa kawaida wenye hasira, na Olivier alipotazama Look Back in Anger ya John Osborne mwaka 1956 hakuipenda hata kidogo. Akarudi kuitazama mara ya pili akiwa na Arthur Miller, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa London na mkewe Marilyn Monroe, ambaye Olivier alikuwa akitengeneza naye filamu kwa taabu kubwa. Miller aliisifu. Olivier, mtu wa miaka 49 mwenye cheo cha Sir, akamwendea kijana Osborne na kumuuliza kama angeweza kumwandikia nafasi. Aliandikiwa Archie Rice wa The Entertainer, mchekeshaji aliyechoka, anayecheza ngoma na kutupa mizaha iliyochina mbele ya viti vitupu, akijua fika kwamba ndani yake hakuna kilicho hai.

Kwangu, hapa ndipo lile fumbo la mwanzo linapofunguka, na kama kijana wa leo ana jioni moja tu, naomba aziache kanzu za kifalme na atazame filamu ya The Entertainer ya mwaka 1960. Archie ni mtu anayeigiza saa zote, hata mezani, hata msibani. Tabasamu lake limebandikwa, nyusi zimechorwa. Mapambo ya nje yaliyokuwa yakimsumbua mtazamaji katika wahusika wengine, kwa Archie ndiyo yenyewe habari. Kamera inaposogea karibu inaona rangi, na chini ya rangi inamwona mtu anayejua kwamba amejipaka. Katika tamthilia hiyohiyo ndipo pia alipofanya kazi na Joan Plowright, aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1961 na mama wa watoto wake watatu.

Mwaka 1962 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre, yaani jumba la taifa la maigizo, jambo ambalo Waingereza walikuwa wamelijadili tangu karne ya 19 bila kulitimiza. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuidhinisha fedha mwaka 1949, jiwe la msingi likawekwa mwaka 1951 kisha likahamishwa, na jengo halikuwapo. Olivier alianza hivyohivyo. Kundi likafungua pazia tarehe 22 Oktoba 1963 katika jengo la Old Vic, na ofisi zake zikawa vibanda vya muda katika mtaa wa Aquinas, ambako mvua ilisikika juu ya paa wakati wa mazoezi na mikutano. Alimwajiri Kenneth Tynan, mhakiki ambaye aliwahi kumchambua Vivien Leigh bila huruma, kwa hoja kwamba ni afadhali kuwa naye ndani kuliko nje. Aliwakusanya Maggie Smith, Derek Jacobi, Michael Gambon na wengine walipokuwa hawajulikani au wanaanza kujulikana. Mwaka 1967, alipougua ghafla katikati ya maonyesho ya The Dance of Death, nafasi yake ilichukuliwa na mwigizaji wa akiba aliyeitwa Anthony Hopkins, na Olivier aliandika baadaye kwa furaha isiyo na wivu, au yenye wivu uliofichwa vizuri, kwamba kijana aliondoka na nafasi ile kama paka aliyembeba panya kwa meno.

Ni katika jumba hilo, mwaka 1964, alipocheza Othello, jemadari mweusi wa Shakespeare anayemuua mkewe kwa wivu, na makala yoyote inayompitia Olivier bila kusimama hapa inamdanganya msomaji. Alijiandaa kwa miezi mingi, akinyanyua vyuma na kufanya mazoezi ya sauti hadi akaishusha chini sana ya kiwango chake cha kawaida. Kila jioni alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu akijipaka rangi nyeusi mwili mzima, tabaka juu ya tabaka, kisha akaisugua kwa kitambaa laini cha shifoni mpaka ikang'aa. Aliingia jukwaani miguu mitupu, na bangili vifundoni, akinusa waridi jekundu. Watu walipanga foleni usiku kucha kutafuta tikiti. Filamu ya onyesho hilo, iliyotolewa mwaka 1965, ilimpa uteuzi mwingine wa Oscar. Leo ni vigumu kuitazama hadi mwisho, na mwaka 2021 mwalimu wa muziki katika chuo kikuu kimoja cha Marekani aliyewaonyesha wanafunzi wake bila kuwatahadharisha alijikuta akiacha kulifundisha darasa hilo.

Kuna utetezi unaotolewa kila mara, kwamba zama zile zilikuwa hivyo. Utetezi huo haukai. Mwaka 1833, Edmund Kean alipoanguka jukwaani akicheza Othello, aliyeingia Covent Garden wiki chache baadaye kucheza nafasi hiyo alikuwa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi. Upanga wa Kean ulimfikia Olivier, lakini habari ya Aldridge haikuonekana kumfikia. Mwaka 1930 Paul Robeson alicheza Othello jijini London, na Desdemona wake, yaani mke wa Othello, alikuwa Peggy Ashcroft, aliyesoma chuo kimoja na Olivier. Mwaka 1959 Robeson akacheza tena nafasi hiyo mjini Stratford, katika msimu uleule ambao Olivier mwenyewe, akiwa na miaka 52, alicheza Coriolanus papo hapo na kumaliza kila onyesho kwa kujiangusha kutoka kwenye jukwaa la juu na kuning'inia kichwa chini huku askari wawili wamemshika vifundo vya miguu. Alijua, basi, kwamba mtu mweusi angeweza kulibeba jukumu hilo. Alilitaka liwe lake. Baada ya Othello alijipaka tena ili kumcheza Mahdi wa Sudan katika filamu ya Khartoum ya mwaka 1966. Naliona kosa hili kuwa tunda la njia yake ileile: mtu anayeamini kwamba kila binadamu ni umbo la nje linaloweza kuvaliwa hatajiuliza kama ngozi ya mwenzake ni vazi. Jumba la taifa lilisubiri hadi mwaka 1997 ndipo David Harewood akawa mwigizaji mweusi wa kwanza kucheza Othello humo.

Jambo ambalo watazamaji wa Othello ya mwaka 1964 hawakulijua ni kwamba mtu yule alikuwa ameanza kushikwa na hofu ya jukwaa. Ilimwingia akiwa na miaka hamsini na saba, katika nafasi nyingine aliyoicheza wakati huo: koo lilibana, meno yakakazana, watazamaji wakaanza kuzunguka mbele ya macho yake. Alipocheza Othello alimwomba Frank Finlay, aliyekuwa Iago, msaliti wa Othello, asiondoke kabisa jukwaani bali asimame pembeni mahali ambapo angeweza kumwona, kwa kuwa aliogopa kubaki peke yake. Hali hiyo ilidumu kama miaka mitano. Mwaka 1970 alipocheza Shylock, yule Myahudi mkopeshaji anayedai ratili ya nyama, ambaye kwa Kiswahili ndio kwanza alikuwa ametoka katika tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, aliwaomba wenzake wasimtazame machoni. Mwongozaji, Jonathan Miller, alimnyang'anya pua kubwa ya bandia aliyotaka kuivaa, kwa sababu za wazi, akamvika koti la mfanyabiashara wa karne ya 19. Baada ya kushindwa kesi Shylock anatoka, jukwaa linabaki kimya, kisha kutoka nje kunasikika kilio kirefu. Bila pua, na bila kuonekana, alipata tena sauti ya yule mnyama wa barafu.

Miaka iliyobaki ilikuwa ya mwili kumkatalia. Alipata saratani ya tezi dume mwaka 1967, damu kuganda mguuni mwaka 1970, na mwaka 1974 ugonjwa wa misuli na ngozi uliomfanya hata kuguswa kuwe mateso. Mwaka 1970 akawa mwigizaji wa kwanza kupewa ubwana wa kudumu maishani na kiti katika Baraza la Mabwana. Gazeti la mtaani lingependa zaidi kampeni yake ya kurudishiwa samaki wa moshi katika kifungua kinywa cha treni ya Brighton. Onyesho lake la mwisho jukwaani lilikuwa tarehe 21 Machi 1974, akicheza mwanasiasa wa Glasgow mwenye hotuba ya dakika 20 hivi. Ukurugenzi ulikuwa umekwenda kwa Peter Hall, kwa namna ambayo Olivier hakuisamehe. Baada ya hapo alichukua filamu alizoletewa, nyingine nzuri kama Marathon Man ya mwaka 1976, nyingine za kulipia ada za watoto; tangazo la kamera za Polaroid alikuwa amekwisha kulikubali mapema kidogo, kwa sharti kwamba lisionyeshwe Uingereza.

Jengo la taifa lilikamilika kando ya mto Thames baada ya yeye kuondoka. Ukumbi wake mkubwa, wenye viti zaidi ya 1,100, uliitwa Olivier, na tarehe 25 Oktoba 1976, mbele ya Malkia, alisimama humo kutoa hotuba. Ndiyo mara pekee aliyozungumza kwenye jukwaa lenye jina lake. Hakuwahi kuigiza humo. Alifariki tarehe 11 Julai 1989 nyumbani kwake West Sussex, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey. Katika ibada ya kumbukumbu, upanga wa Kean ulibebwa na Frank Finlay, yule aliyekuwa akisimama pembeni ili aonekane.

Lakini kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1986, jina lake lilikuwa limerudi kwenye mabango ya London, katika mchezo wa muziki ulioitwa Time, ukumbi wa Dominion, kando ya mwimbaji Cliff Richard. Olivier hakufika ukumbini. Uso wake ulikuwa umepigwa filamu siku moja, na kila usiku filamu hiyo iliangazwa juu ya kichwa kikubwa cha bandia kilichowahutubia watazamaji kwa sauti yake, wakati mwenyewe yuko nyumbani.